Kopo halina kosa: kutafuta desibeli zilizopotea kwenye Wi-Fi ya mbali

Duka la mjomba liko kando ya lami, upande wa Muheza, na nyumba yetu iko ndani, kama mita 700 ukikata mashamba ya michungwa. Dukani kuna intaneti ya mwezi mzima. Nyumbani kulikuwa na bando la simu, lile la kuogopa hata kufungua picha ya harusi uliyotumiwa na ndugu. Nikatengeneza antena mbili za kopo, yaani kopo la bati lenye waya mfupi wa shaba ndani, linalounganishwa na ruta na kulengwa upande mmoja: moja juu ya paa la duka, nyingine kwenye bomba nyuma ya jiko letu. Siku ya kwanza ikashika vizuri, hata bibi akaangalia taarifa ya habari akiwa kibarazani. Wiki ya tatu ikafa.

Nikalaumu kopo. Nikatengeneza la pili, la tatu, la nne, mpaka bibi akauliza kama tunafungua kiwanda cha maziwa. Kumbe kosa lilikuwa kwenye konekta moja isiyozidi punje ya hindi. Tangu hapo sishiki bisibisi kabla ya kushika kalamu. Ukijua ishara ilitakiwa ifike na kiasi gani, na imefika na kiasi gani, ukubwa wa pengo hukuonyesha pa kuanzia kumtafuta mwizi.

Hesabu kabla ya ngazi

Nguvu ya ishara hupimwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja, na namba utakayoiona ni hasi. Hasi 50 ni kali, hasi 65 ni nzuri, hasi 75 inavumilika, hasi 85 hesabu hakuna kitu. Zikipungua desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Umbali ukiongezeka mara mbili, unapoteza 6.

Kwenye simu ya Android programu nyingi za kupima Wi-Fi huonyesha namba hiyo moja kwa moja. Kwenye Linux andika `iw dev wlan0 link`, ukibadilisha wlan0 kama kadi yako ina jina jingine. Windows hutoa asilimia ukiandika `netsh wlan show interfaces`, lakini asilimia nazo zinatosha kulinganisha kabla na baada.

Hesabu ya kwetu ilikuwa hivi. Ruta ya kawaida hutoa dBm 17 hivi. Kopo lililopimwa vizuri huongeza 8. Waya mfupi na konekta zake hula 1 kila upande. Hewa tupu, kwenye masafa ya gigahezi 2.4, hula 100 kwa kilomita moja na 97 kwa mita 700. Basi 17, jumlisha 8, toa 1, toa 97, jumlisha 8, toa 1: hasi 66. Ukipima ukapata hasi 69, kalale. Ukipata hasi 90, umeibiwa desibeli 24, na milimita mbili ulizokosea kwenye kopo haziwezi kula 24.

"Haisomi kabisa"

Kwanza hakikisha ruta inarusha kwenye gigahezi 2.4. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili chini ya jina moja, na zinapenda kukusukumia kwenye 5. Antena ya kopo iliyokatwa kwa 2.4 ikikutana na 5, ni kopo la maziwa tu. Tenganisha majina mawili hayo kwenye mipangilio, kisha weka chaneli 1, 6 au 11. Chaneli 12 na 13 baadhi ya adapta za Wi-Fi hazizioni.

Kama bado, shusha kila kitu. Najua inauma, umeshafunga waya na kamba, lakini shusha. Wekeni makopo mawili uwanjani, mita 50 kati yake, yakitazamana, juu ya viti au ndoo. Kwa mita 50 hewa inakula 74, kwa hiyo unatarajia karibu hasi 43. Ukizipata, vifaa vyako ni vizima na shida iko njiani au kwenye kulenga. Ukipata hasi 65, mwizi unaye mikononi, na umemkamata bila kupanda ngazi.

Wa kwanza kumpekua ni konekta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia RP-SMA, na waya nyingi unazouziwa sokoni ni SMA. Kwa macho ni mapacha: nyuzi zilezile, zinafungana mpaka mwisho, zinakaza vizuri. Tofauti ni sindano ya katikati, ambayo kwenye RP imehamishiwa upande wa pili. Ukikutanisha tundu na tundu, hakuna kinachogusana katikati. Ukikutanisha sindano na sindano, moja inapinda. Na kwa kuwa ishara kidogo huruka hilo pengo, ukikaa chumba kimoja na ruta utaona inafanya kazi, kisha ukienda mbali unaapa kwamba kopo ni bovu. Chungulia kwa tochi kabla ya kufunga.

Halafu chukua mita ya fundi umeme. Sindano ya upande mmoja hadi sindano ya upande wa pili iwe na mawasiliano. Sindano na ganda la nje zisiwe nayo. Hii ni kwa kopo. Kama umetengeneza ile antena ya miraba miwili, iliyokunjwa kwa waya wa shaba wenye pande za milimita 31 na kusimamishwa milimita 15 mbele ya bati, mita italia kama imepiga shoti. Usiikate. Ule waya ni kitanzi, lazima ulie.

Kopo likiwa na kosa kweli

Hutokea, na pengo lake huwa dogo, tuseme desibeli 3 hadi 6. Chanzo kikubwa ni kunakili vipimo vya kopo la mwenzako. Ndani ya bomba la chuma wimbi hurefuka, na linavyorefuka inategemea upana wa kopo. Kwenye kopo la kipenyo cha sentimita 9, sindano ya kopo, ule waya wa shaba uliosimama ndani, hukaa sentimita 5.1 kutoka kitako. Kwenye la 8.5 inakuwa 5.8. Kwenye la 8, inakuwa 7.1. Sentimita moja ya upana imehamisha sindano sentimita mbili! Sindano yenyewe ni milimita 31 kutoka ukuta wa kopo, na waya mgumu wa shaba wa 2.5, ule wa soketi za nyumba, unafaa sana.

Upana unaofanya kazi ni kati ya sentimita 7.3 na 9.3. Chini ya hapo wimbi halipiti kabisa. Karibu na ukingo wa chini linapita kwa shida, na ndipo lilipo lile kopo maarufu la Pringles, ambalo picha zake zimesambaa dunia nzima. Ni jembamba, na ni karatasi iliyopakwa foili. Kula chipsi zake, kisha tafuta kopo la bati. Urefu nao usipunjwe: kwa kipenyo cha 9, kopo liwe na sentimita 15 au zaidi.

Pengo la 20 na zaidi, kila kitu kinaonekana kizima

Angalia sindano zimelalia upande gani. Sindano ikisimama wima, wimbi linasimama wima. Kopo la pili likiwa limejiviringisha robo mzunguko kwenye kibanio chake, sindano imelala, na hapo unaweza kupoteza desibeli 20 bila kitu chochote kuharibika. Lizungushe taratibu mwenzako akikusomea namba kwenye simu. Kwa antena ya miraba miwili watu wengi hukosea, kwa sababu miraba ikilala ubavu kwa ubavu ndipo wimbi husimama wima.

Wa pili ni waya mrefu. RG58, ule mweusi mwembamba wa redio, hula karibu desibeli 1 kila mita kwenye masafa haya. Nimeona mtu ameteremsha mita 12 kutoka juu ya paa hadi sebuleni, kisha anashangaa. Antena yake ilikuwa inachuma desibeli 8 na waya unakula 12. Ruta ndiyo ipandishwe karibu na antena, ndani ya boksi lisilopitisha maji, na kinachoteremka kiwe waya wa mtandao. Watu huniuliza kuhusu waya wa televisheni kwa sababu ni wa om 75 na ruta ni ya om 50. Tofauti hiyo peke yake hula kidogo sana. Kinachowaumiza ni maungio ya kusokota kwa mkono na kufunga solotepu.

"Naliona duka kwa macho, lakini ishara ni dhaifu"

Wi-Fi haisafiri kama kamba iliyovutwa. Inasafiri kama muhogo: nyembamba kwenye ncha mbili, nene katikati. Kwa mita 700, ule muhogo katikati ya njia una nusu-upana wa mita 4.6, na angalau mita 2.8 kuzunguka mstari wa macho zinatakiwa ziwe tupu. Kwa kilomita 2 zinatakiwa mita 4.7. Kwa hiyo unaweza kuliona bati la duka juu ya michungwa, ukafurahi, huku nusu ya chini ya muhogo wako inapita ndani ya majani.

Majani ni maji, na maji hunywa masafa haya. Mwembe mmoja ulioshiba unaweza kula desibeli 10, hata 20. Kwetu kulikuwa na mwembe wa jirani, na mazungumzo ya kukata tawi yalichukua muda mrefu kuliko kutengeneza antena. Mwishowe niliongeza bomba mita tatu, ikawa nafuu kuliko ujirani kuvunjika. Kama nawe unaongeza bomba, angalia nyaya za umeme zinapita wapi kwanza, na usisimamishe bomba la chuma peke yako.

Bati halipitishi kitu. Antena iliyowekwa darini chini ya mabati, au nyuma ya ncha ya paa, imefungiwa.

"Ilikuwa nzuri mpaka mvua zilipoanza"

Hapa ndipo makopo yangu yalipopotea bure.

Mvua yenyewe, matone yanayoanguka hewani, kwenye gigahezi 2.4 haipunguzi kitu cha kuhisika kwa umbali wetu. Ikinyesha na mtandao ukafa, maji yameingia mahali au majani yamelowa. Kuyatofautisha ni rahisi: majani yakikauka, ishara inarudi siku hiyohiyo. Maji yakiwa ndani ya konekta, jua linawaka siku tatu na namba bado iko chini, na kila wiki inashuka zaidi.

Mimi niliziba konekta kwa silikoni ya dukani, ile yenye harufu kali ya siki. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, nayo hula shaba. Nilipofungua, sindano ilikuwa ya kijani kama sarafu iliyookotwa baharini. Nilikuwa nabadilisha makopo na kurudishia waya uleule uliooza! Tumia utepe wa mpira unaojishika wenyewe ukiuvuta, juu yake zungusha solotepu nyeusi ya umeme kuanzia chini kwenda juu ili tabaka zipandane kama makuti. Waya uache ulegee chini ya konekta, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kopo litobolewe tundu dogo sehemu ya chini kabisa, la kutolea jasho. Mdomo ufunikwe kwa kifuniko cha plastiki. Ukiwa na wasiwasi na plastiki hiyo, iweke ndani ya maikrowevu pamoja na kikombe cha maji kwa nusu dakika. Maji yakipata moto na plastiki ikabaki baridi, inafaa.

Walio Tanga mjini, Mombasa au Unguja waongeze na chumvi. Kopo tupu la bati karibu na bahari hutafunwa na kutu haraka, kwa hiyo lipake rangi nje.

"Ishara imejaa, lakini haifungui"

Kama namba ni hasi 65 na ukurasa haufunguki, achana na antena, tatizo liko kwenye anwani. Pima hatua kwa hatua kwa `ping`: kwanza ruta ya dukani, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti yoyote. Ikijibu 8.8.8.8 na majina yakakataa, shida ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ikijibu ruta tu, intaneti ya duka ndiyo imekatika, kampigie mjomba kabla hujapanda paa.

Isipojibu hata ruta, uliza ruta zote mbili zina anwani gani. Mara nyingi ya dukani ni 192.168.1.1 na ya nyumbani nayo ni 192.168.1.1, kwa hiyo ukimwita mmoja haijulikani nani aitikie. Ya nyumbani ipe 192.168.50.1, iwashe upya.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili, nayo ni ya kusikia bila kusikika. Wi-Fi ni mazungumzo, kila pakiti, yaani kila kipande cha data, inangoja jibu. Mtu ananunua adapta ya nguvu kubwa, anaiona ruta ya mbali, lakini pakiti zinapotea nusu. Ongezeko la nguvu humfaidisha anayesema tu. Antena nzuri hufanya kazi pande zote mbili, kusema na kusikia, na ndiyo sababu napendelea fedha iende kwenye bomba refu kuliko kwenye kikuza nguvu. Kikuza nguvu kinaweza pia kukugombanisha na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, au CA kwa walio Kenya.

"Asubuhi safi, usiku inakata"

Majirani wamerudi na hotspoti zao. Pima chaneli ipi ina watu wachache kati ya 1, 6 na 11, na upana uweke megahezi 20, usiache 40. Ikikata saa sita mchana badala ya usiku, lishike boksi la ruta pale juu ya bati. Kama mkono hauvumilii, ruta nayo haivumilii.

Dishi na karai

Dishi la king'amuzi la sentimita 60 likipewa kopo mahali pa ile pembe yake ya kupokelea laweza kutoa desibeli 17 au zaidi, na mwale wake una upana wa nyuzi 14 hivi, kwa hiyo kulenga kunataka utulivu. Malalamiko ni yaleyale: "Limeelekea dukani kabisa, hakuna kitu." Madishi haya mengi yana mkono unaotokea chini, na uso ukisimama wima, mwale unapanda juu nyuzi zaidi ya 20. Umelenga mawingu. Ili mwale ulale, uso wa dishi lazima uinamie chini kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Na mdomo wa kopo utazame dishi. Kuna waliouelekeza dukani, dishi likabaki pambo nyuma yake.

Karai ni ndugu wa dishi. Stan Swan wa New Zealand ndiye aliyewapa watu wengi wazo la kuweka adapta ya USB mbele ya chujio la kukaangia la Kichina, na uzuri wake ni kwamba hakuna waya wa redio wa kula ishara, unavuta waya wa USB tu. Kama ishara haibadiliki ukiweka karai na ukilitoa, adapta haiko kwenye kitovu, pale mawimbi yanapokutania. Chukua kipenyo mara kipenyo, gawa kwa kina mara 16. Karai la sentimita 36 lenye kina cha 9 linataka adapta sentimita 9 kutoka kitako. Na adapta ikiwa inaonekana na kupotea kwenye kompyuta, huo ni waya wa USB uliozidi mita 5 au mwembamba mno, umeme haufiki.

Zaidi ya kilomita moja

Hapa hutokea jambo la ajabu: ishara nzuri, kasi ya kobe. Wi-Fi huenda kwa kasi ya mwanga, mita 300 kwa mikrosekunde moja, na ruta hungoja jibu kwa muda mfupi sana kabla ya kuamua pakiti imepotea na kuirudia. Jibu linafika likiwa limeshachelewa. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, kuna sehemu ya kuandika umbali kwa mita. Andika umbali wa kweli na uongeze kidogo. Ermanno Pietrosemoli na wenzake, mwaka 2007 kule Venezuela, waliunganisha vilele vya El Águila na Platillón, kilomita 382, kwa ruta za Linksys za nyumbani zilizobadilishwa programu. Milima iliwatatulia ule muhogo. Suala la kungoja jibu ilibidi walitatue kwenye programu.

Shemeji yangu wa ng'ambo ya bonde ameanza kuulizia. Kwake ni kilomita 2.3, hewa itakula 107. Kwa makopo mawili hesabu inasema hasi 76, na majani yakilowa kwa mvua ya kwanza yatamkatia. Dishi likiwa upande wake na kopo likibaki dukani, inakuwa hasi 67. Dishi analo, liko juu ya paa lake tangu kifurushi cha king'amuzi kilipoisha.